Maktabani na Mzee Rafu: Ripoti imetoka na asilimia 31

SWALI: Shikamoo Mzee Rafu. Naandika tasnifu ya uzamivu kwa Kiswahili kuhusu nyimbo za wavuvi wa kisiwa cha Mafia, kurasa 280, na zimebaki wiki tatu niiwasilishe. Ripoti ya Turnitin, ile programu inayokagua maandishi yanayofanana na ya wengine, imetoka na asilimia 31, na chuoni kwetu mwisho ni 20. Chanzo cha kwanza, asilimia 12, ni makala yangu mwenyewe iliyochapishwa mwaka juzi. Cha pili, asilimia 9, kimeandikwa kuwa ni kazi ya mwanafunzi wa chuo ambacho sijawahi hata kukikanyaga. Asilimia 10 zilizobaki ni vipande vya moja moja, hivyo sivijali. Kijana wa steshenari anataka elfu themanini anishushie hadi 8 kwa usiku mmoja. Nimpe?
Mtahiniwa mwenye presha, Dar es Salaam

JIBU: Marahaba mwanangu. Hiyo elfu themanini nenda nayo bandari ya Nyamisati, panda boti ya Mafia, kawasalimie wavuvi wako. Steshenari usirudi, na nadhani ulishafika pale mara moja.

Nikuulize: sura ya pili hukuipeleka kwake ikakaguliwe ulipokuwa unaiandika? Vijana hawa hutumia akaunti za kuazima, na kazi ikipakiwa bila kuzuia isihifadhiwe, inabaki kwenye ghala la Turnitin. Ukija kukaguliwa tena, mashine inakulinganisha na wewe mwenyewe na kukuita mwanafunzi wa chuo kingine. Fungua ripoti utazame rangi ya chanzo hicho. Ikiwa imelala sura moja tu, ukurasa baada ya ukurasa bila kukatika, huyo mwanafunzi ni wewe. Wewe huwezi kuifuta. Maombi ya kufuta hutoka kwa wenye akaunti iliyopakia. Lakini mkutubi au mratibu wa uzamili chuoni kwenu anaweza kukiondoa chanzo hicho kwenye hesabu. Mwandikie barua, umpelekee na faili lako la zamani lenye tarehe, halafu umwombe ukaguzi unaofuata ufanywe bila kuhifadhi.

Makala yako isikunyime usingizi. Itaje mwanzoni mwa sura husika na kwenye tamko la mtahiniwa, uiweke kwenye marejeleo, na usome mkataba wa jarida kujua haki ya kuchapisha tena ni ya nani. Usianze kuibadilisha maneno ili mashine isiijue. Nyimbo ulizorekodi zitabaki kama zilivyoimbwa, au unataka kumtungia nahodha wimbo upya?

Sasa nije kwenye hivyo vipande ambavyo huvijali. Nilikaa dawati la watafiti miaka kumi na tisa, na wanafunzi karibu wote walikuja wakinionyesha chanzo kikubwa, ilhali balaa lilikuwa chini kabisa ya orodha. Asilimia moja ya kurasa 280 ni karibu kurasa tatu. Ondoa marejeleo kwenye hesabu, ondoa na nukuu zilizofungwa vizuri. Kurasa za tamko na haki miliki zitafanana na za kila mtu, kwa kuwa chuo ndicho kilichowapa maneno. Yatakayobaki, keti nayo moja moja. Nina hakika utakuta kiunzi cha nadharia na mbinu za utafiti.

Mfano wa kila siku ni huu. Kitabu kinasema: "Usampulishaji lengwa ni mbinu ambayo mtafiti huteua watoataarifa kwa kuzingatia sifa maalumu zinazohusiana na malengo ya utafiti." Mwanafunzi anaandika: "Usampulishaji lengwa ni njia ambayo mtafiti huchagua watoataarifa kwa kuangalia sifa mahususi zinazoendana na madhumuni ya utafiti." Kila neno limevishwa kanzu mpya, mifupa ni ileile, na jina la mwenye kitabu halipo. Mashine inaweza kuipitisha. Mimi siipitishi. Tena mtahini hakukuomba fasili. Anajua usampulishaji lengwa ni nini tangu hujazaliwa. Mwambie ulichofanya: "Niliwateua manahodha saba na wapiga kasia kumi na wawili waliokwenda dago (kambi ya uvuvi) kwa miaka isiyopungua kumi, kwa sababu vijana wanaotumia mashine za boti hawazijui nyimbo za kasia." Sentensi hiyo haitafanana na ya mtu yeyote duniani, kwa kuwa hakuna mwingine aliyekaa na wazee wale.

Na kijana wako hushushaje? Wapo wanaobadilisha herufi, wanachomeka a na o za Kirusi zinazofanana na zetu, au wanaficha alama za nukuu kwa rangi nyeupe. Turnitin ina kengele ya vitu hivyo, na ikilia unaitwa kamatini. Wengine huipitisha kazi kwenye programu ya visawe. Niliwahi kuletewa rasimu ambayo "nyimbo za wavuvi" zimekuwa "mashairi ya watega majini", na "sampuli lengwa" imekuwa "kielelezo kilichokusudiwa". Nilicheka, kisha nikamhurumia, maana alikuwa ameshalipa.

SWALI: Mzee, tasnifu yangu ya Kiswahili imepata asilimia 4 na msimamizi ananipongeza. Nimemaliza?
Eldoret

JIBU: Bado. Mashine huona kilichomo ghalani mwake: mtandao, majarida, kazi za wanafunzi zilizohifadhiwa. Vitabu vingi vya Kiswahili vimekaa rafuni, havijawahi kuingizwa kwenye kompyuta. Na aya uliyoitoa kwenye Kiingereza ukaitafsiri bila kumtaja mwenyewe, huenda isiione kabisa. Mtahini wako je, hajaisoma? Karl-Theodor zu Guttenberg, aliyekuwa waziri wa ulinzi wa Ujerumani, alinaswa kwa kunakili kazi za watu na profesa wa sheria aliyekuwa anakihakiki kitabu kilichotokana na tasnifu yake. Wasomaji wakaendelea kuichambua ukurasa kwa ukurasa mtandaoni. Chuo Kikuu cha Bayreuth kilimvua udaktari Februari 2011, na Machi akajiuzulu uwaziri.

Chukua kalamu nyekundu, pitia sura ya pili iliyochapwa kwenye karatasi. Kila aya isiyo na jina la mtu wala ushahidi wako wa uwandani, andika pembeni: "Nilikitoa wapi?" Ukikwama kwenye aya, nenda kwenye daftari lako la kusomea. Kama daftari hukuweka, ndiyo hizo wiki zako mbili zijazo.