Maswali ya reli: injini mbili za Hungaria zilizochelewa kuzaliwa

Nilipoitaja hapa injini ya mvuke ya aina ya 303 ya shirika la reli la Hungaria, MÁV, sikutegemea kama ingewagusa wengi. Haya ni baadhi ya maswali.

Mbili tu? Hiyo nayo inaitwa aina?

Inaitwa. Kiwanda cha MÁVAG cha Budapest kilizitoa mwaka 1951: 303.001 na 303.002, basi. Hakuna ya tatu. Ndizo injini za mwisho za mvuke kubuniwa Hungaria kwa ajili ya treni za kasi.

Hiyo 303 maana yake nini?

Tarakimu ya kwanza inahesabu ekseli zinazosukumwa na mvuke. Hapa ni tatu, yaani magurudumu makubwa sita. Mbele yake yako madogo manne ya kuiongoza injini kwenye kona, na nyuma manne mengine ya kubeba uzito wa tanuri. Wamarekani mpango huo wa magurudumu waliuita Hudson.

Kwa nini magurudumu makubwa hivyo?

Swali tamu. Yale makubwa yana kipenyo cha mita 2; mtu mrefu akisimama kando yake, gurudumu linampita kichwa. Likizunguka mara moja, injini imesogea zaidi ya mita 6. Piga hesabu: kwa kilomita 120 kwa saa, linazunguka kama mara tano kila sekunde, na kila mzunguko pistoni inakwenda na kurudi. Ukiweka gurudumu dogo, pistoni italazimika kwenda mbio zaidi kwa mwendo uleule, na vyuma vitachakaa upesi. Gharama yake ni kwamba gurudumu kubwa ni zito kuondoka stesheni, na mlimani linahema.

Kama zilikuwa nzuri, mbona hazikuendelea kutengenezwa?

Nyakati ziliwageuka. Reli ya kutoka Budapest hadi Hegyeshalom, mpakani na Austria, ilikuwa inatumia umeme tangu miaka ya 1930, kazi ya mhandisi Kálmán Kandó. Mwaka 1959 MÁVAG yenyewe iliunganishwa na kampuni ya Ganz, na kufikia 1963 injini za dizeli za kampuni ya NOHAB kutoka Sweden zilikuwa zinaingia nchini.

Lakini mimi naona kilichoziponza zaidi ni injini nyingine ya mvuke, ile aina ya 424. Hiyo ilianza kutengenezwa mwaka 1924: ekseli nne za nguvu, magurudumu ya mita 1.6, leo inavuta abiria, kesho mizigo. Punda wa kazi. Na kiwanda hichohicho kiliendelea kuiunda hadi 1958, miaka saba baada ya 303 kutoka! Fikiria wewe ndiye fundi wa karakana. Ya 424 ikiharibika, vipuri unavijua kwa kupapasa tu. Ya 303 ikilala, imebaki moja nchi nzima. Mbio zake zinakusaidia nini siku hiyo?

Msomaji wa Voi anauliza: inaifikia Garratt yetu, ile injini ya mvuke?

Kwa nguvu za kuvuta, hapana, ndugu yangu. Zile Garratt za aina ya 59 za Reli ya Afrika Mashariki, 34 zilizotoka Manchester mwaka 1955 na 1956 zikapewa majina ya milima, zilikuwa na uzito wa tani 252 hivi na magurudumu 16 ya kusukuma, tena juu ya reli yenye upana wa mita moja! Ila magurudumu hayo yalikuwa ya mita 1.37 tu, kwa sababu kazi yao ilikuwa kupandisha mizigo kutoka Mombasa, si kushindana na saa. Ile 303 ilitembea kwenye reli ya milimita 1,435, upana uleule wa SGR zetu za leo.

Bado ipo?

Ya pili, 303.002, ipo katika bustani ya historia ya reli mjini Budapest, iliyofunguliwa mwaka 2000 kwenye karakana ya zamani. Ya kwanza ilikatwa chuma chakavu. Mwenye hamu ya Garratt hana haja ya viza ya Ulaya: namba 5918, Mount Gelai, iko kwenye makumbusho ya reli Nairobi. Nenda na viatu vya kupandia.