Penicillin ya nyumbani: moshi uache juu ya glasi

Kama umewahi kunywa Dawa pale Carnivore, mkahawa wa Nairobi, ile ya vodka, ndimu, asali na kijiti cha kukorogea, basi nusu ya kokteli iitwayo Penicillin unaijua tayari. Nusu iliyobaki ni tangawizi na moshi. Aliyeibuni ni Sam Ross, Mwaustralia aliyekuwa akihudumu katika baa ya Milk & Honey jijini New York, mwaka 2005. Mimi huitengeneza jikoni kwangu Nairobi bila vifaa vya baa, na wageni huomba tena.

Tuanze na moshi, maana hapo ndipo wengi huharibu. Moshi wenyewe hutoka kwenye wiski ya Islay, kisiwa cha Scotland. Huko shayiri hukaushwa kwa moto wa udongo wa kinamasi uliojaa mabaki ya mimea. Udongo huo hukatwa vipande, hukaushwa na kuwashwa kama kuni. Ukiitumia wiski hiyo peke yake, limau na asali havifui dafu, glasi nzima inanuka zahanati. Ross alitumia wiski ya kawaida ya Scotland chini, kisha ile ya Islay akaimwaga kidogo tu juu. Kwa hiyo usinunue chupa kubwa. Kichupa cha mililita 50 kinatosha glasi sita. Na popote unaponunua hapa Kenya, angalia stempu ya ushuru ya KRA, mamlaka ya kodi, kwenye kifuniko. Bei ikiwa nzuri kupita kiasi, achana nayo.

Shira ndiyo kazi yenyewe. Twanga tangawizi mbichi yenye ukubwa wa kidole gumba kwenye kinu, maganda yakiwemo mradi umeiosha. Chemsha na nusu kikombe cha maji kwa dakika tano, epua, tia nusu kikombe cha asali, koroga, funika hadi ipoe, kisha chuja. Ikionjwa hivi hivi inapaswa kuwasha koo; barafu na limau vitaituliza. Kwenye friji inakaa wiki moja bila wasiwasi.

Kuhusu asali nina msimamo wangu. Ile ya mizinga ya kienyeji, inayorinwa kwa mwenge wa moto, mara nyingi hubaki na harufu ya moshi. Wenye maduka huihesabu kuwa ina kasoro, na kwenye mkate kweli inakera. Kwa kokteli hii ndiyo ninayoitafuta. Nikipita Baringo au Kitui huwaambia wauzaji wa kando ya barabara wanionjeshe kabla ya kupima, na huchukua ile ambayo wenzangu wameikataa.

Sasa changanya: wiski ya kawaida mililita 60, maji ya limau 22, shira 22. Limau likamuliwe saa hiyo hiyo. Lililolala huchacha kwa namna isiyopendeza. Ukiwa na ndimu tu, punguza kidogo, kwani ni kali zaidi. Sina sheka, kile chombo cha kutikisia kokteli. Natumia chupa ya jemu yenye kifuniko kinachobana, naijaza barafu na kutikisa kwa nguvu kwa sekunde kumi na mbili hivi, mpaka kioo kiume mkono. Usiogope barafu kuyeyuka: maji yale ni sehemu ya kinywaji, bila hayo utakunywa shira kali. Chuja kwa chujio la chai kwenye glasi fupi yenye barafu mpya, mapande makubwa kama unayo.

Mwisho geuza kijiko, mgongo juu, kishike karibu na uso wa kinywaji, na uteremshe wiski ya Islay polepole, kijiko kimoja na nusu cha chai. Itaelea, kwa sababu ni nyepesi kuliko mchanganyiko wenye asali. Usikoroge. Usiweke mrija pia, maana mrija hunyonya kutoka chini na pua inakosa uhondo. Mdomo ukigusa glasi, moshi unatangulia, uchachu unafuata, tangawizi inamalizia. Aliyekua akinywa mursik, maziwa yaliyochacha kwenye kibuyu kilichopakwa mkaa wa mti wa senetwet, hatashangaa kwamba moshi na uchachu vinapatana.

Islay ikikushinda bei, tumia rozmari. Nairobi imejaa nyua zake. Washa kitawi juu ya sahani ya udongo, kizime kianze kufuka, kifunike kwa glasi kavu nusu dakika, ndipo umimine. Harufu ni nyingine, ya majani zaidi, lakini inafanya kazi. Njia hiyo hiyo nawafanyia wasiokunywa pombe: chai ya rangi nzito iliyopoa badala ya wiski, limau na shira kwa vipimo vile vile. Wao naongezea shira kidogo, kwani chai ina ukakasi wake.