Mtoto analia kutoka kituo cha mafunzo: tumwite arudi Lubumbashi?

MASWALI YA WASOMAJI

Swali: Mheshimiwa mshauri, mimi ni mama wa watoto watano na ninaishi Kampemba, hapa Lubumbashi. Mwanangu wa kwanza, mwenye umri wa miaka 18, aliitwa na Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, ambalo majirani wengi huliita kanisa la Wamormoni, kwenda kutumikia miaka miwili nchini Côte d'Ivoire. Aliondoka mwanzoni mwa mwezi huu, na sasa yuko katika kituo cha mafunzo ya wamisionari nchini Ghana. Hapa nyumbani alikuwa mchangamfu, na kanisani aliongoza vijana wenzake. Juma lililopita alitupigia simu ya video akalia mbele yetu sote, akasema hajui kama ataweza. Usingizi haumpati, chakula hakimpendezi, na kijana wa Togo aliyepewa kuwa mwenzi wake hamwachi hata dakika moja. Baba yake alikasirika, akamwambia kwamba mwanamume halii, na kwamba akirudi atatuaibisha mbele ya kanisa zima. Mimi tangu siku ile silali. Nimeanza kutafuta pesa za tiketi ili nimrudishe. Kati yangu na mume wangu, nani yuko sahihi?

Mama wa Kampemba

Jibu: Mama, pole sana. Nitaanza na jibu lenyewe ili usilazimike kulitafuta ndani ya maelezo: usinunue tiketi juma hili, na baba yake asiyarudie maneno yale. Mnaonekana kupingana, lakini kwa maoni yangu mmefanya jambo moja, kwa kuwa kila mmoja wenu amempa kijana jibu kabla ya kumuuliza chochote. Yeye hakusema anataka kurudi. Alisema hajui kama ataweza, na hayo ni mambo mawili tofauti.

Mimi si muumini wa kanisa hilo, lakini nimezungumza na vijana kadhaa wa mji huu waliorudi kutoka misheni, na karibu wote wanazisimulia siku za kwanza kwa namna inayofanana na simulizi la mwanao. Tazama jinsi maisha yake yalivyobadilika kwa mara moja. Kwa kawaida mmisionari huamka saa kumi na mbili na nusu asubuhi na kuzima taa saa nne na nusu usiku, na saa zilizo katikati zimepangwa: kusoma maandiko, darasa, chakula, mazoezi ya mwili, kisha darasa tena. Katika darasa hilo hujifunza kufundisha kwa kufundisha hasa, mbele ya mwalimu ambaye mara nyingi naye aliwahi kuwa mmisionari, na anapokosea wenzake wote wanamwona. Nyumbani alikuwa kiongozi wa vijana. Pale ni mwanafunzi wa mwanzo kabisa. Hata jina limebadilika. Mtoto wa Lubumbashi aliyerithi jina la babu yake huenda aliitwa Kambo, yaani babu, na nyumba nzima tangu alipozaliwa, na sasa kutwa nzima anaitwa Elder, likifuatiwa na jina lililoandikwa kwenye kibao cheusi kifuani mwake. Usifikiri hilo ni dogo.

Kuhusu mwenzi, hiyo si adhabu aliyopewa mwanao peke yake. Wamisionari wote wa kanisa hilo huishi na kufanya kazi wawili wawili, kwa kufuata mfano wa Marko 6:7, na hutakiwa kutoachana. Kulala chumba kimoja na watu wengine si kitu kigeni kwa mtoto aliyekulia katika nyumba yenye ndugu wanne. Ugeni uko kwingine: hapa kwetu, ndugu wakikosana, mmoja hutoka akaenda kukaa kwa rafiki avenue ya pili mpaka jioni, kisha anarudi hasira imekwisha. Mwanao hana avenue ya pili. Analazimika kujifunza kumwambia mtu asiyemfahamu, kwa Kifaransa na kwa adabu, kwamba amechoka na anaomba kimya kidogo. Nadhani hilo ndilo somo gumu kuliko yote anayofundishwa pale, na halifundishwi darasani.

Halafu kuna mwili. Lubumbashi iko juu, yapata mita 1,200 kutoka usawa wa bahari, na usiku wetu, hasa wakati wa kiangazi, huwa wa baridi. Pwani ya Ghana ni joto lenye unyevunyevu usiku na mchana. Kijana wako aliyezoea bukari (ugali) kwa sombe (kisamvu) au ndakala (dagaa) amefika katika nchi ambako unga wa mahindi huchachushwa kabla ya kupikwa kenkey na banku, naye akionja huenda akadhani chakula kimeharibika. (Waghana nao wakionja bukari yetu huenda wakashangaa kwa nini haina ladha.) Nayasema haya kwa sababu wazazi huwa wepesi kuona kila usiku usio na usingizi kuwa dalili ya moyo uliovunjika au ya jambo la kiroho, kumbe pengine ni joto tu, na mwili utalizoea.

Hata hivyo sisemi kwamba kila chozi ni la kupuuzwa. Katika simu ijayo muulize kwa utulivu, naye mpe nafasi ya kumaliza kila jibu: Je, analala angalau kiasi? Je, anakula hata kama hapendi anachokula? Je, kuna saa katika siku ambapo anacheka au anajisahau? Akikwambia kwamba asubuhi na jioni ni nzito lakini mchana unapita, huyo anawakumbuka watu wake, na kwa kawaida hali hiyo hupungua jinsi anavyoyazoea mazingira. Lakini ikiwa majuma mawili yamepita hapati usingizi, hali chakula, hawezi kuinuka kitandani, hapendezwi na lolote alilolipenda, au anataja kifo, huo ni ugonjwa unaohitaji matibabu, na ushauri wa jirani hautatosha. Hapo aende siku hiyohiyo kwa rais wa kituo au mke wake, ambao wamewekwa pale kuwatunza vijana hao, na ninyi mzungumze na askofu wenu, yaani kiongozi wa usharika wenu, bila kungoja Jumapili. Vilevile, homa na kichwa kuuma visichukuliwe kuwa ni huzuni, kwani malaria iko Ghana kama ilivyo kwetu.

Sasa naomba nizungumze na Baba. Mzee wangu, naelewa aibu unayoiogopa. Kanisa lenu lilitambuliwa rasmi katika nchi yetu, wakati ikiitwa Zaire, mwaka 1986, na misheni ya Lubumbashi ilianzishwa mwaka 2010, kwa hiyo wazazi wengi wa rika lako hawakupata nafasi ya kwenda misheni katika ujana wao. Mmewaona wamisionari wakiwa tayari wamekomaa, wenye mashati meupe, wakipita mitaa yetu ya Kenya na Katuba huku wakisalimia kila mtu. Majuma yao ya kwanza hamkuyaona. Tena tangu Oktoba 2012 wavulana wanaruhusiwa kuanza wakiwa na miaka 18 badala ya 19, na hivyo wengi huenda moja kwa moja kutoka mtihani wa taifa bila kuwahi kulala hata mwezi mmoja nje ya nyumba ya wazazi. Ama kuhusu mwanamume kutolia, soma Yohana 11:35, ambapo Yesu mwenyewe analia, kisha uamue kama utalirudia neno lile.

Lipo na jambo jingine ambalo Baba anapaswa kulijua. Utumishi huo ni wa kujitolea, hauna mshahara, na mlango wake haufungwi kwa nje. Kijana anayerudi mapema kwa ajili ya ugonjwa, wa mwili au wa akili, hafukuzwi kanisani, na wengine huendelea na misheni ya utumishi wakiwa nyumbani. Kijana anayejua kwamba akirudi atapokelewa huweza kubaki kwa hiari yake. Anayejua kwamba atafukuzwa na baba yake hubaki kwa hofu, na mwenye hofu huficha hata ugonjwa.

Kwa upande wako, Mama, fikiri pia juu ya wakati. Anayekwenda kufundisha kwa lugha anayoijua tayari, kama mwanao na Kifaransa chake, hukaa kituoni majuma machache tu; wanaokaa muda mrefu ni wale wanaojifunza lugha mpya. Tiketi yako ingeweza kumfikia akiwa anafunga sanduku kwenda Abidjan. Huko, nakuonya mapema, huenda akalia tena katika siku za kwanza, kwa sababu atabadilisha mwenzi, nyumba na chakula kwa mara ya pili. Usishtuke.

Na simu zenu zitumieni vizuri. Hadi Februari 2019 wamisionari hawa walizungumza na wazazi kwa simu mara mbili tu kwa mwaka, Krismasi na Siku ya Mama. Sasa wanaweza kupiga kila juma katika siku yao ya matayarisho. Ghana iko nyuma yetu kwa saa mbili, basi kubalianeni saa mapema ili mega zisiishe mkiwa mnasubiriana. Msiikusanye familia nzima mbele ya kioo. Anza wewe peke yako, kisha baba yake, na wadogo zake waje mwishoni kumsimulia mambo ya shule na ya mtaa. Ukilia, lia, lakini usimpe kazi ya kukubembeleza.

Swali: Mimi ni mjomba wa mmisionari, ninaishi Katuba na ni Mkatoliki. Babu yake ni mgonjwa sana. Dada yangu anasema kijana asiambiwe, kwa sababu ndiyo kwanza yuko katika mafunzo na atavurugika. Mimi naona huo ni udanganyifu. Na ikiwa mzee atafariki, kijana hatakuja kwenye kilio?

Mjomba

Jibu: Mjomba, nakuunga mkono. Kijana aliyefichwa ugonjwa wa babu yake, akiujua baadaye, hataamini tena anapoambiwa kwamba nyumbani wote ni wazima, na kila simu itakuwa ya mashaka. Aambiwe, lakini kwa utaratibu. Wazazi wamweleze wao wenyewe katika simu ya juma, kwa maneno machache na ya kweli, bila kumwonyesha mgonjwa kitandani kwa video.

Msiba ukitokea, mzazi ampigie askofu kwanza, naye awafikie viongozi walio karibu na kijana, ili asipokee habari hiyo akiwa peke yake. Hatari kubwa siku hizi ni kundi la familia katika WhatsApp: kabla mzazi hajapata nguvu za kusema, binamu ameshaandika pole kwa wote. Mkubaliane leo nani atatangaza na nani atanyamaza. Kuhusu kuja kwenye kilio, wengi hubaki katika utumishi wao, na najua jinsi jambo hilo linavyouma katika ukoo wetu, ambako asiyeonekana kwenye kilio huulizwa miaka mingi. Mzungumzeni hilo na mzee mwenyewe kama bado ana nguvu. Baraka yake aliyoitamka kwa mdomo wake, hata kama imerekodiwa kwa simu tu, itamlinda kijana dhidi ya lawama za wajomba na mashangazi baadaye.

Swali: Nimepokea wito wa miezi 18 na nitapitia kituo hichohicho cha Ghana. Nijiandae vipi? Dada wa Ruashi

Jibu: Dada, anza sasa kulala na kuamka kwa saa zao. Hakikisha kadi ya manjano ya chanjo ya homa ya manjano iko tayari, kwani Ghana huidai mpakani. Wengi huanza mafunzo kwa video wakiwa bado nyumbani, basi muulize askofu siku hizo zitakuwa lini, na kama umeme wa mtaa wenu hukatika, tafuta mapema muumini mwenye paneli za jua atakayekubali ukae kwake na simu yako saa za darasa.