Re: Sinywi pombe na nimealikwa chakula cha loji Kampala

Salama ndugu. Umesema wewe ni mlokole, bosi kakualika chakula cha jioni cha Freemason na unaogopa watakulazimisha pombe wakati wa kunyanyua glasi. Kwanza muulize loji yake, yaani tawi lake la Freemason, ni ya mfumo gani. Za Uingereza, ndani ya kikao hakuna kunywa, pombe inakuja mezani baadaye, na si ajabu, Grand Lodge yao, yaani chombo kikuu kinachosimamia loji, ilianzia baa moja London 1717, ila Marekani kuna majimbo Grand Lodge zao zilipiga marufuku pombe hadi kwenye jengo. Mimi nilienda kama mgeni na nilikuwa natumia vidonge, nikamwambia weita mapema aniwekee soda ya tangawizi kwenye glasi ya mvinyo, wakisimama nasimama, wakinyanyua nanyanyua, nani atakunusia glasi bana! Msumbufu alikuwa mzee mmoja wa pembeni, kila nikigeuka anataka kunijazia, nikafunika glasi na kiganja akaelewa. Halafu ulizia bei ya sahani, yangu mvinyo ulikuwa ndani ya bei na nililipa kama wanywaji, hiyo ndo iliniuma kweli.