Mbwa na maua ya Kitulo

Ndugu, umeuliza kama unaweza kwenda na mbwa wako Kitulo kuona maua. Hapana, Kitulo ni hifadhi ya taifa, na hifadhi za taifa haziruhusu mbwa. Hapa hapa Dar mtembeze ufukweni alfajiri, mchanga haujapata moto. Utaukuta ule mmea unaotambaa mchangani, maua yake ya zambarau yamefunguka. Ikifika alasiri yameshasinyaa.

Ila kamba usiachie. Wangu aliwahi kuokota samaki bunju mkavu aliyetupwa na maji, ikabidi nimpanue taya nimtoe kwa vidole. Bunju hata akikauka sumu anayo!

Mkirudi mpekue kupe, masikioni na katikati ya vidole. Na ukikutana na mtu anatoka kuswali, mvute mbwa pembeni, mpishe.