Kabla tipa haijainua bodi

Wadogo zangu, wiki hii nimekuta tena lundo la maranda limeegemea shina la mwembe mchanga, limepanda hadi usawa wa magoti, na kijana aliyelipanga ananiuliza kama limependeza. Limependeza, ndiyo, lakini gome litaoza. Masika yakikaribia simu za wateja huwa nyingi na mnaanza kupelekwa saiti peke yenu, kwa hiyo naandika yale ambayo nimechoka kuyapigia kelele juu ya ngurumo za malori. Maranda, udongo na kokoto hushushwa kwa dakika chache, lakini kuvitoa bustanini ni kazi ya jasho, na mara nyingine havitoki kabisa.

1. Matandazo, yaani maranda, pumba au majani ya kufunika udongo, hayagusi shina. Acha shubiri moja kuzunguka mti, na unene wa sentimita 5 hadi 8 unatosha. Maranda mabichi yalale juu tu, msiyachanganye na udongo, kwa sababu vijidudu vinavyoyaozesha vitachukua naitrojeni, ambayo ni chakula cha mimea, na mimea itapauka. Pumba za mpunga ni nzuri, ila zimwagiwe maji mara moja, la sivyo upepo wa pwani utazihamishia kwa jirani. Tena, majani makavu ya mwembe mnayoyafagia na kuyachoma kila asubuhi ni matandazo ya bure! Inaniuma kuona mteja analipia maranda huku matandazo yake mwenyewe yanafuka moshi nyuma ya nyumba. Na kwenye ukuta wa nyumba acha sentimita 30 wazi, ili mchwa wakianza kujenga njia yao muione mapema.

2. Udongo wa bustani haununuliwi kwa rangi. Hapa nisikilizeni vizuri.

Nilipoanza kupata kazi zangu mwenyewe, nilipewa bustani ya mbele Mbezi Beach. Mwenye nyumba alikuwa anaozesha binti, na nyasi zilitakiwa zishike kabla ya sendofu. Udongo ulifika jioni, giza linaingia, deiwaka wanataka kuondoka. Ulikuwa mweusi, laini, unanukia vizuri, umetoka bondeni kulikokuwa na mashamba ya mboga. Dereva alitaka kushusha awahi tripu nyingine. Nilishika konzi moja tu, ya juu, nikamwambia ashushe. Tulitandaza sentimita 15, tukapanda nyasi za Pemba, na siku ya sherehe watu walipiga picha pale.

Mvua ziliponyesha, ndago ilitoka. Kwanza huku na kule, kisha kila mahali, imesimama juu ya nyasi. Nikawaweka vijana waing'oe, nami nikaing'oa pamoja nao. Wataalamu wa magugu huitaja ndago kuwa miongoni mwa magugu mabaya kuliko yote duniani, na mkiifukua mtaelewa. Chini ya kila shina la pembe tatu kuna kiazi kidogo, na kiazi hicho kimeungwa na kingine kwa uzi mwembamba. Ukivuta, uzi unakatika, na viazi vilivyobaki vinachipua. Tulikuwa tunaizidisha huku tunajiona tunafanya kazi. Nikapiga dawa ya magugu, glaifoseti, ikakausha ndago na nyasi kwa pamoja, kisha ndago ikarudi peke yake. Matandazo hayaizuii. Hata nailoni, ndago inaitoboa. Mwisho tulikwangua tabaka lote na kulipakia upya kwenye lori, kwa pesa yangu. Mwenye nyumba hakugomba. Alikaa barazani akiangalia, na ukimya wake ulinisumbua kuliko gharama.

Lakini sijafika kwenye lililo zito. Siku ile ya kutandaza, udongo ulibaki. Nikaona vibaya kuutupa, nikampelekea mama mmoja mwalimu mstaafu aliyekuwa na matuta ya mchicha na matembele nyuma ya nyumba yake. Nilimpa kama zawadi, akanishukuru sana, akaniita mwanangu. Ndago iliingia kwenye matuta yale na haikutoka. Yule wa Mbezi Beach niliweza kumrudishia bustani yake. Mama huyu alikuwa anakula kutoka kwenye matuta yale, na kila niliponunua udongo mwingine baada ya hapo nilimkumbuka. Nilikwenda kumwambia ukweli, nikamsaidia kuhamishia mboga kwenye viroba vya udongo mwingine. Matuta ya zamani hayakurudi kama yalivyokuwa.

Basi fanyeni hivi. Kabla ya kuagiza, nendeni mchimbaji anapochukulia, mwangalie kinachoota juu ya udongo huo. Chukueni ndoo moja ya udongo kutoka sehemu kadhaa, chekecheni kwa mkono mkitafuta viazi, kisha mwagilieni ndoo hiyo wiki mbili juani mwone kinachochipua. Mteja mwenye haraka mwelezeni sababu, atasubiri. Asiposubiri, pandeni vyunguni kwanza. Kujua kama ni tifutifu au mfinyanzi mtupu, tikisa udongo kwenye chupa ya maji uuache utulie. Mchanga hukaa chini, mfinyanzi juu. Samadi ya kuku isiyoiva inaunguza mizizi. Na lori likifika usiku, lilale nje ya geti.

3. Kokoto ni jiwe, na jiwe lina tabia yake. Zile nyeupe za mawe ya matumbawe, kama za upande wa Kunduchi, zinang'aa vizuri kwenye picha, lakini ni chokaa. Mkizimwaga kuzunguka maua ya iksora, udongo unazidi chokaa, mmea unashindwa kupata madini ya chuma, na majani yanakuwa ya njano huku mishipa ikibaki ya kijani. Kijana wangu mmoja, hodari kweli, aliyaona majani hayo akaongeza mbolea, akaongeza tena, hadi mteja akadhani ua lake lina laana! Penye maua ya aina hiyo wekeni kokoto ngumu za kijivu, kama za Lugoba. Za nusu inchi zinatembeleka, kubwa zaidi zinabiringika chini ya kiatu. Pembeni wekeni kizuizi cha zege, vinginevyo mvua ya kwanza itazipeleka barabarani. Chini yake ardhi iteremke kutoka ukutani sentimita 2 kwa kila mita, na msitandike nailoni, maji yatasimama.

4. Pimeni bodi ya lori kwa futi kamba: urefu, upana, kina. "Tripu" si kipimo. Eneo la mita 10 kwa 5, kokoto unene wa sentimita 5, linataka mita za ujazo 2.5. Udongo hushuka ukinyeshewa, kwa hiyo agizeni ziada ya kama sehemu moja ya tano. Angalieni pia katikati ya mzigo, wapo wanaopakia pembeni juu na katikati shimo. Pandeni juu ya gurudumu mchungulie. Dereva atanuna, na atazoea.

Huyo wa maranda ya mwembe, njoo kesho na reki, tuyasogeze pamoja kabla hayajalowa.