Fundi Anajibu: Injini Inalia, Gari Haliendi

Wiki hii karibu kila swali limekuja na mlima ndani yake. Si ajabu. Kigoma ukiiacha tu Tanganyika nyuma yako unaanza kupanda, na anayekwenda Manyovu mkono wake hautulii kwenye gia.

Shikamoo fundi. Kitabu cha gari yangu kinasema gia ya kwanza 3.5, ya tano 0.8, difu 4. Namba hizi zinamsaidia nini dereva? (Mwalimu, Mwanga)

Marahaba, mwalimu. Namba ya gia inakuambia injini izunguke mara ngapi ili shafti inayotoka kwenye giaboksi izunguke mara moja. Difu, yale meno ya kwenye ekseli yanayopeleka mzunguko wa shafti kwenye matairi, nayo inapunguza tena, kwa hiyo unazidisha: 3.5 mara 4 ni 14. Ukiwa gia ya kwanza, injini inazunguka mara 14 ndipo tairi limalize mzunguko mmoja. Gia ya tano ni 0.8 mara 4, yaani 3.2 tu.

Tuchukue tairi la gari dogo, ambalo mzunguko wake mmoja unatembea mita 1.9 hivi. Injini ikiwa kwenye mizunguko 3,000 kwa dakika, gia ya kwanza inakupa kilomita 24 kwa saa. Mizunguko hiyohiyo kwenye gia ya tano inakupa kama 107. Injini haijaongezewa kitu. Ila kwenye gia ya kwanza tairi linasukumwa kwa mvuto zaidi ya mara nne ya ule wa gia ya tano. Ni habari ya mtaimbo: mkono wako unashuka hatua nzima, jiwe linanyanyuka inchi mbili. Kwa hiyo ukisikia injini inakohoa mlimani kwenye gia ya nne, usizidi kukanyaga mafuta. Shusha gia.

Fundi, naendesha Canter, natoa mizigo Manyovu kuja mjini. Tajiri anataka mteremkoni niweke nyutro tuokoe dizeli. Mimi naogopa.

Endelea kuogopa, kaka. Na tajiri mwambie kwamba hata hiyo dizeli haokoi. Gari likishuka likiwa kwenye gia, nawe umeondoa mguu kwenye mafuta, matairi ndiyo yanayoizungusha injini, na pampu inakata dizeli. Ukiweka nyutro, injini inabidi ilishwe ili isizime. Unachoma mafuta na breki umeiacha peke yake.

Kwenye gia, ugumu wa injini kuzungushwa unazidishwa na namba zilezile nilizomwandikia mwalimu, safari hii ukilishika gari lisikimbie. Gia ndogo inashika zaidi. Wazee wa barabara walituachia kipimo: gia uliyopandia ndiyo ya kushukia, na ukiwa na mzigo mzito shusha moja zaidi. Ichague kabla mteremko haujaanza. Katikati gari likishachanganya, gia inaweza kugoma kuingia, na hapo umebaki na nyutro usiyoitaka. Angalia pia mshale wa mizunguko usifike kwenye nyekundu, maana mteremko unaweza kuisukuma injini kupita kiasi. Na kama Canter yako ina breki ya ekzosti, ile inayoziba njia ya moshi ili injini izungushwe kwa shida, itumie. Injini ya dizeli peke yake haishiki sana.

Niliwahi kupokea gari lililoshushwa kwa nyutro. Utingo alikuwa ananawa karibu na tairi la nyuma. Maji yaliyorukia dramu yalichemka papo hapo. Brekishuu zilikuwa zimeng'aa kama kioo.

Mimi ni bodaboda wa Kasulu, nabeba madumu ya mawese. Sproketi ya mbele ina meno 14, ya nyuma 42. Wenzangu wanasema niweke 15 mbele, pikipiki itakimbia.

Itakimbia ukiwa mtupu, mdogo wangu. 42 gawanya kwa 14 ni 3. Ukiweka 15 unapata 2.8, mvuto umepungua kama asilimia 7. Madumu mawili ya lita 20 ni kilo 36 hivi, bado abiria. Mlimani utajikuta unarudi gia ya pili mahali ulipokuwa unapita na ya tatu.

Kwa kazi yako ningeongeza nyuma: meno 45 inakupa 3.2. Kwenye tambarare injini italia zaidi na mafuta yatapanda kidogo, na huenda ukahitaji cheni ndefu kidogo. Kuweka 13 mbele kunakaribia matokeo hayohayo kwa bei nafuu, lakini cheni inajikunja sana na kuisha upesi.

Noah yangu ya gia nne inawaka taa ya O/D OFF na inakula mafuta. Imeharibika? (Mama Ujiji)

Hapana mama, kuna mtu amebonyeza kitufe kilicho kwenye mkono wa gia. Gia ya nne imefungiwa, unatembelea ya tatu. Bonyeza tena taa izime. Mlimani unaweza kuifunga kwa makusudi, gari lisihangaike kati ya tatu na nne. Taa ikiwa inapepesa, hiyo ni habari nyingine: lipeleke likapimwe.

Nimebadilishiwa difu ya nyuma ya pikapu yangu ya 4WD (matairi yote manne yanavuta). Nikiingiza 4WD, gari inakaza kama imefungwa breki.

Karibu nina hakika difu zako mbili hazilingani. Mzee mmoja aliniletea ya namna hiyo: mbele krauni (gia kubwa ya ndani ya difu) ina meno 41 na pinioni (ndogo inayoizungusha) 10, yaani 4.1, nyuma aliuziwa yenye 43 kwa 11, ambayo ni 3.9. Ekseli zinataka kwenda mwendo tofauti na shafti zimefungwa pamoja, kitu lazima kipinde au kikatike. Usiingize tena 4WD kwenye lami.

Jipime mwenyewe. Gari likae tambarare, weka magogo kwenye matairi ya mbele, nyutro, kisha nyanyua tairi moja tu la nyuma na uachie hendibreki. Piga alama ya chaki kwenye tairi na kwenye shafti. Zungusha tairi mara 20 ukihesabu shafti. Tairi la pili limesimama, kwa hiyo 20 za hili ni 10 za difu: ikija 41, ni 4.1. Ikija 39, ni 3.9. Isipolingana na ya mbele, rudi kwa aliyekuuzia.